Siku ya Pili Baada ya Kuokolewa

Kila Jumanne na Ijumaa napanda matatu ya 46 kutoka Kawangware kabla jua halijachomoza, nashuka mjini na kutembea hadi Marikiti kununua ndizi. Majirani wananiambia napoteza nauli bure, kwani ndizi zimejaa hapa hapa kwetu. Lakini Marikiti alfajiri malori ndiyo kwanza yanashusha, wabebaji wanapita na magunia mgongoni wakipiga kelele watu wapishe, na ndizi bado zina ubaridi wa usiku. Nabonyeza kitako cha chana. Nanusa pale shina lilipokatwa. Natafuta zile zenye madoa machache meusi, laini lakini hazijapondeka. Juzi muuzaji mmoja aliniuliza, "Dada, na uchaguzi wote huu, unamlisha nani?"

"Zamani nilikuwa nalisha sokwe," nikamwambia. "Siku hizi namlisha mama yangu mdogo."

Alinitazama kidogo, akaniongezea ndizi mbili bila kusema neno.

Kwa miaka 11 nilikuwa mlezi wa sokwe Sweetwaters, ndani ya hifadhi ya Ol Pejeta, karibu na Nanyuki. Nikiwaambia watu wa Nairobi hivyo, swali la kwanza huwa ni kama sokwe hao walikamatwa Mlima Kenya. Kenya haina sokwe wa porini. Sokwe wa pande zetu wako Uganda, Kongo, Rwanda, Burundi, na magharibi mwa Tanzania kule Gombe na Mahale. Kwetu wamefika kama wakimbizi. Kituo kilifunguliwa 1993, kwa makubaliano ya Ol Pejeta, shirika la wanyamapori la Kenya (KWS) na taasisi ya Jane Goodall, ili kuwapokea mayatima waliokuwa wakitunzwa Bujumbura wakati Burundi ikiingia vitani. Baadaye wakaja wengine kutoka mbali zaidi. Manno alitolewa katika bustani ya wanyama ya Duhok, Kurdistan ya Iraq, ambako alikuwa akipewa soda, peremende na sigara ili watu wafurahi. Alifika Kenya mwishoni mwa Novemba 2016. Poco alikuwa ameishi miaka tisa katika kizimba kilichoning'inizwa kwenye gereji mjini Bujumbura ili kuvutia wateja. Kizimba chenyewe kilikuwa chembamba, nafasi ya kusimama tu. Alipopata uwanja wa nyasi na miti aliendelea kutembea kwa miguu miwili, wima, kama mzee anayekwenda barazani. Wageni walipomwona walicheka na kumpiga picha. Mimi sikuwahi kuweza kucheka.

Na wengine walipitia hapa hapa Nairobi. Mwanzoni mwa 2005, kwenye uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta, lilikamatwa kreti lililokuwa limetoka Misri. Ndani yake walikuwa wamesongamana sokwe sita wachanga na kima wanne. Walikuwa na njaa na kiu, na sokwe mmoja akafa. Waliobaki walitunzwa kwanza na KWS kule Lang'ata, kwenye makao ya wanyama yatima, kisha wakapelekwa Sweetwaters. Nilikuwa bado nasoma kozi ya utunzaji wa mifugo wakati habari hiyo ilipotoka. Niliisoma gazetini nikiwa nimesimama kwenye basi, na nikajua nitakwenda kutafuta kazi wapi.

Nakumbuka jinsi nilivyoifikiria kazi hiyo. Niliwaza kreti, nyundo, ubao ukibanduka, na mkono mdogo mweusi ukitokea gizani kushika kidole changu. Watu wengi wanaipenda siku hiyo, na siwalaumu, kwa sababu ni siku nzuri kweli. Ina maofisa, ina kamera, ina daktari anayekimbia na drip. Lakini siku ya pili, saa kumi na mbili asubuhi, kuna ndoo, ufagio na kinyesi, na walioshangilia jana wamerudi makwao.

Sokwe akitunzwa vizuri anaweza kuvuka miaka 50. Piga hesabu: mtoto wa miaka miwili anayeokolewa leo atahitaji mtu wa kumletea chakula wakati mimi nimeshazikwa. Msituni hawezi kurudi. Hajui tunda lipi lina sumu, hajafundishwa na mama yake namna ya kukunja matawi kuwa kitanda, na sokwe wa porini hulinda mipaka yao kwa meno; mgeni wanaweza kumuua. Kwa hiyo kuokoa ni kazi ya saa moja, na baada ya hiyo saa moja inabaki miaka hamsini.

Siku zetu zilifanana. Tulivaa gumboti, tukakanyaga dawa ya kuua viini mlangoni, tukafunga barakoa. Mafua yetu haya ya kawaida, ambayo wewe unakunywa dawa ya tangawizi na kwenda kazini, yanaweza kumuua sokwe, kwa hiyo aliyekohoa alibaki nyumbani hata kama zamu haina mtu. Kisha tulipita vyumba vya kulala tukiwahesabu kwa sura, mmoja mmoja, kwa jina. Nani ana jeraha kwenye kidole? Nani hajala uji? Nani amekaa ameupa mlango mgongo? Milango ikifunguliwa wanatoka kwa vishindo, madume wakipiga mabati ili kila mtu ajue wameamka. Kuna makundi mawili na Mto Ewaso Nyiro unapita katikati, kwa sababu sokwe hawaogelei, na maji huwa ukuta tosha baina ya wasiopatana. Walipokuwa nje tulisugua sakafu, tukakata kabichi, karoti, miwa na ndizi, tukavitawanya mbali mbali ili wavitafute badala ya kukaa wakingoja. Majike hupewa dawa ya kuzuia uzazi. Wageni wengi husikitika wakisikia hivyo. Lakini kila mtoto anayezaliwa kizimbani anachukua nafasi ya yatima aliyeko kwenye kreti mahali fulani, na mimi nakubaliana na uamuzi huo kwa moyo wote.

Nataka kukaa kidogo na mtoto mmoja wa kike. Jina lake silitaji, kwa kuwa ninayoyasimulia yananihusu mimi kuliko yeye.

Alikuwa na umri wa kama miaka miwili, na sokwe hunyonya mpaka minne au mitano. Alijikumbatia mwenyewe na kujiyumbisha, mbele na nyuma, mbele na nyuma, saa nzima. Mkononi alikuwa amejing'oa manyoya mpaka ngozi ya kijivu ikaonekana. Nikimpa chupa ya maziwa hanywi, nikigeuka, anakunywa. Mlezi aliyenitangulia, mzee mpole wa Nanyuki, aliniambia, "Usimtazame. Wewe kaa tu."

Nikakaa. Nilikaa ubavu ubavu, macho kwenye sketi yangu, nikijitoa nyuzi kwenye mkono wa sweta kama sokwe anavyochambua manyoya. Siku ya kwanza hakuna kitu. Siku ya nne hakuna kitu. Siku ya tisa nilihisi kitu kinagusa goti langu, mahali nilipokuwa na kovu la utotoni. Kilikuwa kidole chake cha shahada. Kilikuwa na ukucha kama wangu, na mwezi mweupe kwenye kitako cha ukucha kama wangu. Alilikuna lile kovu taratibu, akichezesha midomo kwa mlio mdogo, mp, mp, mp, kama vile anajaribu kulitoa. Sikusogea. Mguu wangu ulikufa ganzi na sikusogea.

Kumbe alikuwa na siri. Kwenye kona, chini ya nyasi kavu za kulalia, alikuwa akificha chakula: vipande vya karoti, ndizi iliyogeuka kahawia, ganda la chungwa. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufagia, na mara ya kwanza nilifagia kila kitu nikatia ndooni. Alipiga mayowe mpaka sauti ikakauka. Alinyanyua midomo meno yote yakaonekana. Watu huiona sura hiyo kwenye kadi za salamu wakadhani sokwe anacheka. Ile ni hofu. Sokwe akicheka kweli hufunika meno ya juu na kuhema kwa haraka. Nilisimama na ndoo yangu, na ghafla sikuwa Nanyuki tena. Nilikuwa Kawangware, na umri wangu ulikuwa miaka sita.

Mama yangu alifariki nikiwa na miaka hiyo sita. Mama mdogo alikuja kunichukua Murang'a kwa basi, tukafika mjini usiku. Ndugu wengi walisema siku ile kwamba ameniokoa, na walisema kweli. Alikuwa akiuza ndizi. Alikuwa na chumba kimoja cha mabati na watoto wake wawili. Mimi nilikuwa nikikata kipande cha ugali kila usiku na kukificha chini ya godoro, kwa kuwa nilikuwa na hakika kwamba kesho hakutakuwa na kitu. Ugali ukaota ukungu, panya wakaja. Mama mdogo aliugundua akitandika. Nilijua nitapigwa. Hakunipiga, wala hakuniuliza. Jioni yake nilikuta pembeni mwa godoro kopo la mafuta ya Kimbo, limeoshwa, lina kifuniko, na ndani yake kuna kipande cha ugali kilichofungwa kwa jani la mgomba. Likakaa pale miaka miwili. Sijui ni siku gani niliacha kulifungua.

Kesho yake kwa sokwe nilifagia kona tatu, nikamwachia ya nne kipande kimoja kibichi cha karoti.

Nikiwa darasa la sita tulipelekwa kutembelea makumbusho, pale juu ya Museum Hill, na mama mdogo akanifungia ndizi nne. Sikujua kwamba kisa cha sokwe kinaanzia mlima ule ule. Jumba hilo wakati wa ukoloni liliitwa Coryndon, na mwaka 1957 msimamizi wake, Louis Leakey, alimwajiri humo kama karani msichana Mwingereza wa miaka 23 ambaye hakuwa na shahada yoyote, Jane Goodall. Julai 1960 akamtuma Gombe, kandokando ya Ziwa Tanganyika. Watu wanakumbuka alichokiona, sokwe akichomeka unyasi kwenye kichuguu na kuuvuta umejaa mchwa, na wataalamu wakalazimika kufikiri upya maana ya chombo na mtumia chombo. Mimi nakumbuka zaidi miezi iliyotangulia. Alikuwa akipanda mlimani kila alfajiri na sokwe wakimkimbia, naye kesho anapanda tena, na nguo zake ni zile zile ili wamzoee. Alipofariki tarehe 1 Oktoba 2025 akiwa na miaka 91, nilimsimulia mama mdogo habari zake usiku huo. Alisikiliza mpaka mwisho.

Yeye ana methali moja aliyokuwa akiirudia sokoni akina mama wakimsifu kwa kunichukua: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Alikuwa akiisema huku anapanga chana zake, hata hainui macho.

Yule mtoto wa sokwe alianza kunipanda mgongoni. Alikunywa chupa yake akiwa kifuani pangu, mkono umeshika kola. Ningependa kusema huo ndio ushindi, na picha nilizopigwa wakati ule zinapendeza sana. Lakini mtoto wa sokwe aliyemzoea mtu peke yake hajafika popote. Miaka michache mbele atakuwa na nguvu za kuvunja mkono wako kwa mchezo tu, hapo hutaruhusiwa tena kuingia kwake, naye atabaki bila mtu na bila sokwe. Kwa hiyo tulimsogeza karibu na jike mzima mpole, wavu wa chuma katikati yao. Wiki ya kwanza mtoto alijificha nyuma ya miguu yangu. Jike alikaa upande wake, ubavu ubavu, akichambua mkono wake mwenyewe. Nilipomwona amekaa vile nilitabasamu ndani ya barakoa, hakuna aliyemfundisha. Baada ya siku nyingi alipenyeza kidole kwenye tundu la wavu akakiacha hapo. Na baada ya siku nyingine nyingi mtoto akakinusa.

Asubuhi tuliyofungua mlango alinitazama mimi, akamtazama jike, akaenda. Nilibaki nimesimama na chupa ya maziwa ikipoa. Jioni alilala kwapani mwa jike huyo. Hakugeuka. Niliingia stoo ya kabichi nikalia, na yule mzee wa Nanyuki alikuja akasimama mlangoni, akaniambia, "Umefanya kazi nzuri, mwanangu. Sasa zoea kuachwa."

Ndipo nilipoelewa jambo lililonitokea steji. Siku nilipoondoka Nairobi kwenda kuanza kazi, mama mdogo alinisindikiza mpaka kwenye magari ya Nanyuki mjini. Alinipa mfuko wa ndizi dirishani, akageuka, akaenda zake kabla gari halijajaa. Hakungoja hata lianze kuondoka. Kwa miaka mitatu nilibeba uchungu ule nikidhani alikuwa amechoka nami.

Nilirudi Nairobi 2017, baada ya yeye kupooza upande wa kulia. Wiki ya kwanza chumba kilijaa watu: wanakanisa, wauza ndizi wenzake, ndugu kutoka Murang'a na mchele na sukari. Walisali, walilia, walichanga. Kisha ikaja siku ya pili. Siwalalamikii, kila mtu ana mzigo wake. Nasema tu kwamba niliitambua siku hiyo ilipofika. Nikatoa shuka, nikatafuta ndoo.

Nilipata vibarua vya kutunza mbwa na paka katika mitaa ya magharibi, Lavington, Kileleshwa, Loresho, na kwa njia hiyo mwaka jana niliitwa kwenye nyumba moja yenye ua mrefu wa kayaba kumwona tumbili. Mwenye nyumba alikuwa mama mwema, namwita mwema kwa dhati. Alimkuta barabarani akiwa mdogo, mama yake amegongwa na gari. Alimnyonyesha kwa sindano isiyo na ncha, akalala naye kitandani. Sasa tumbili alikuwa mkubwa, anauma, na amewekwa kwenye kizimba kisafi kabisa chenye bembea na blanketi la bluu. Nilifika mapema, na nikiwa bado mlangoni nikasikia tumbili wa mtaani wakipita juu ya mikaratusi ya jirani, kama wanavyopita kila asubuhi sehemu hizo. Yule wa kizimbani alikuwa amebandika kifua kwenye waya. Alikuwa akiwaita. Wawili walisimama juu ya ukuta wakamtazama, kisha kundi likasonga, nao wakasonga.

"Nilimwokoa," mama yule aliniambia, na machozi yalikuwa karibu.

"Ulimwokoa, mama," nikasema. "Asingekuwa hai."

Nilimweleza kwamba sheria ya wanyamapori ya 2013 hairuhusu kufuga tumbili bila kibali, lakini sikuanzia hapo, kwa sababu sheria siyo iliyokuwa ikimliza. Nilianzia kwenye kidole cha yule jike kilichopenyezwa kwenye wavu. Nikamwambia kuhusu watoto wa sokwe wanaouzwa: kwamba GRASP, mpango wa kuwalinda nyani wakubwa ulio chini ya shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa (UNEP) pale Gigiri, ulikadiria mwaka 2013 kuwa nyani wakubwa wasiopungua 22,218, wengi wao sokwe, walikuwa wamepotea porini kati ya 2005 na 2011 kwa ajili ya biashara hiyo, kwa kuwa humpati mtoto bila kumuua mama na wanaomtetea, na kwamba mwisho wa mnyororo huo mara nyingi yuko mtu mwema mwenye blanketi. Alikaa kimya muda mrefu. Tulipiga simu KWS pamoja. Walipokuja kumchukua tumbili, mama yule alitaka kukimbilia ndani, nami nikamshika mkono, akabaki mpaka gari likatoka getini. Ananipigia simu mara kwa mara kuuliza kama kuna habari. Akiwa na huzuni huwa simkatizi.

Ijumaa iliyopita nilirudi kutoka Marikiti saa moja na nusu, viatu vimejaa matope. Mama mdogo alikuwa ameamka, amegeuzia uso mlango. Tangu apooze maneno yake ni machache na hutoka moja moja, na nimejifunza kutomtazama mdomoni anapoyatafuta. Nilikaa kitandani, ubavu ubavu, nikaweka chana mapajani pake na kuanza kukunja nguo za jana. Nilisikia mkono wake wa kushoto ukitembea juu ya ndizi. Alibonyeza ya kwanza kwenye kitako, akaiacha. Akabonyeza ya pili. Akainua ile niliyoiona mimi kuwa nzuri kuliko zote, akainusa pale shina lilipokatwa, kwa muda, kama alivyonifundisha nikiwa na miaka saba.

"Hii," akasema. Nikangoja. Nje matatu ilikuwa inaita watu wa mjini.

"Hii bado."

Nikaichukua nikaiweka dirishani.